Bakuli la Uso

Kila alasiri Siwema humimina chai ya mama yake, hupangusa kompyuta kwa ncha ya kanga, kisha huanza kazi. Leo chai haijatoka kwenye birika, mama, ambaye macho yamekwisha kumzimika, anausukuma mezani uso wa plasta aliopewa jana na Siwema. Huyu si Riziki, anasema. Hili bakuli. Riziki asingenifanyia mzaha huu.

Riziki, dada yake Siwema, alikufa akaacha picha moja tu, na Siwema ameifundisha kompyuta kuisoma: peupe pameuelekea mwanga, penye giza pameupa kisogo, na kutoka hapo umbo la uso linakisiwa na kufinyangwa kwa plasta. Anainamisha kichwa mezani, na meza nayo inainama, inainama, mpaka yuko katika barabara ya kijivu isiyo na mwisho, katika mji ambao watu wana mashimo mahali pa nyuso, na juu yake unaning'inia mji kama huohuo, kichwa chini, na kila akipepesa macho vilima vinakuwa mabonde, mabonde vilima. Mtu asiye na uso wala shimo anamshika mkono. Kitendawili, anasema. Tega. Shavu langu lina kivuli upande wa juu. Mimi ni kilima au shimo? Shimo, anasema Siwema, maana mwanga unatoka juu. Nani kakwambia unatoka juu? Siwema anatafuta jua, halioni. Basi nipe mji, msomi. Nakupa Tanga. Nilikwenda Tanga, nikaingia nyumba moja, umeme umekatika, mama kaweka kandili sakafuni, Riziki anapigwa picha kwa mwanga wa chini. Kwa nini hukumwuliza mama? Nikimwuliza, anasema Siwema, atamsimulia Riziki mpaka chai ipoe, na mimi nimeketi hapo hapo. Mtu yule anacheka bila mdomo. Kitendawili: wawili walizaliwa, asiyekuwepo ndiye apapaswaye. Hicho nakijua, anasema Siwema, sikupi mji.

Anainua kichwa. Kivuli cha birika kimelala upande asioukumbuka. Mama, kandili lilikuwa sakafuni Riziki alipopigwa picha?

Nani kakwambia? anasema mama. Ulikuwa umelala siku ile.

Siwema anatazama dirisha, kisha mikono ya mama inayopapasa bakuli lile, na hajui kama amerudi au bado yuko kule.

Nitautengeneza upya, anasema. Lakini mama, mimi pia nina uso. Niguse mimi.