Viti vya Mlingoti

Asubuhi hiyo mdogo wa Mlingoti, aliyekuwa akisuka wateja nyumbani, alikuwa anafagia nywele za jana sebuleni. Mlingoti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha jikoni kilichowekwa mto juu, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, na mto mwingine uko katikati ya magoti ili asije akasahau akakunja nne. Mlango ukasukumwa. Akaingia mteja wa kwanza wa kusuka, mwanamke wa makamo mwenye kitana mkononi. Mlingoti akachomoka kitini, akasimama wima, akatabasamu na kusema, "Karibu mama, nikuonyeshe kitambaa gani?" Kisha maumivu yakamfikia, akarudi kitini kwa kishindo na mto ukaanguka chini.

Yule mwanamke alisema asante, yeye amekuja kusuka tu.

Jina la Mlingoti alipewa na wenzake katika duka la vitambaa, ambako alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya mapazia tangu usichana wake, wima kama mlingoti wa bendera. Katika duka hilo wauzaji hawakai. Tajiri aliondoa stuli zote siku alipomkuta mmoja wao amekaa huku mteja yuko mlangoni, na tangu hapo mwanamke akiingia kazini asubuhi anasimama mpaka mlango ufungwe, awe mzima, awe na homa, awe na mimba ya kukaribia kujifungua. Wengine walijiibia nafuu kwa kuegemea marobota tajiri akigeuka. Mlingoti hakuegemea. Alikuwa akijisifu kwa hilo, na tajiri alikuwa akimtolea mfano mbele ya wageni.

Nyonga haikujisifu. Ilianza kulalamika kwenye ngazi, ikahamia kitandani, mwisho ikawa inalalamika popote. Daktari alimwonyesha picha: kichwa cha mfupa kilikuwa kimelika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Wakakitoa, wakamwekea cha chuma. Tajiri alituma pole, na pamoja na pole ujumbe kwamba kaunta ya mapazia itamngoja mpaka shule zifunguliwe. Kama wakati huo hawezi kusimama kutwa, atawekwa mwingine.

"Ataniona," Mlingoti alimwambia mdogo wake. Hakutaka kitu kingine duniani ila kurudi kwenye kaunta yake akiwa amesimama.

Aliyekuja kumfanyisha mazoezi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. Wagonjwa walimwita Bi Polepole kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake, ingawa yeye mwenyewe alitembea kama mtu anayefukuzwa. Alimkataza Mlingoti kuinama, kukunja nne, kukalia kiti kilicho chini ya goti, na zaidi ya yote kusimama ghafla.

"Dada, mlango ukifunguliwa, wewe unakurupuka wa nini? Mteja si wako."

"Mazoea."

"Hayo mazoea yataing'oa hiyo nyonga, nikurudishe kwenye kisu. Usinitie aibu."

Kiti cha kwanza kilikuja siku alipotoka nje akishikilia fremu ya kutembelea. Alikuwa amefika kwenye kona ya ukuta wa jirani, akasimama apumue, akahisi kitu kinamgusa nyuma ya magoti. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, ambacho mguu wake mmoja uliwahi kugongomewa misumari. Alipopiga hatua, nacho kikapiga hatua. Aliposimama, kikasimama.

"Kiti chako hicho," jirani alisema huku akianika nguo.

"Si changu. Sijakaribisha kiti mimi."

"Basi kimejikaribisha."

Kilimfuata mpaka nyumbani, kikasubiri kando ya mlango. Kesho yake vikaja viwili vya plastiki, halafu kiti cha ofisi chenye magurudumu ambacho kililia njia nzima kwa sababu ya mawe, halafu kiti cha kinyozi, kilichochelewa kwa uzito wake. Vilivyokuwa vifupi Bi Polepole alivirudisha getini yeye mwenyewe, navyo viliondoka bila ubishi. Kinyozi alikuja kudai chake. Kikamfuata hadi barabarani, kikageuza. Kinyozi alisema si neno, wateja wake watanyolewa wamesimama kwa muda.

Ua ukajaa. Mdogo wake ndiye aliyefurahi, maana waliokuwa wakisubiri zamu ya kusuka sasa walikuwa na pa kukaa, na habari zilishaenea kwamba kwa msusi yule hakuna kuchoka miguu.

"Dada, kaa basi hata kimoja. Vimekuja kwa ajili yako."

"Wakae hao wenye nafasi. Mimi nina kazi ya kurudia."

Na kweli hakukaa, ila kwenye kile cha jikoni alichoamriwa. Mdogo wake akishika kichwa cha mtu, Mlingoti aliingia jikoni, akashika kingo za sinki na kusimama, na Bi Polepole akisema kidogo yeye alifanya maradufu. Alikuwa akiusemesha mguu kama punda mvivu. Mguu ukamjibu kwa kuvimba mpaka kwenye kifundo, ukawa unang'aa.

Bi Polepole alipouona, sauti yake ilisikika hadi kwa jirani.

"Unashindana na nani wewe?"

"Na tajiri."

"Tajiri yuko wapi hapa? Mwite basi, nami nimwone!" Bi Polepole akavuta pumzi, akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Zoezi la leo ni hili. Unakaa, unanyoosha goti, unakaza paja, unashusha polepole. Ukishaliweza, utafundishwa kunyanyuka kitini bila kushika mahali. Halifanyiki kwa kusimama, hata ukigombana nalo. Chagua kiti."

Viti vyote uani vikasogea mbele kidogo. Mlingoti akavitazama kwa chuki, akakiendea kile cha mbao, akageuka na kukaa.

"Haya, nimekaa. Mmefurahi?"

Akanyoosha goti. Paja likatetemeka kama la mtoto anayejifunza kutembea. Akakaza, akashusha, akarudia, mpaka Bi Polepole akasema inatosha, akaaga na kuondoka kwa mwendo wake wa mbio. Mlingoti hakunyanyuka. Mgongo wake ulikuwa umekutana na ubao, na uzito wake wote ulikuwa umebebwa na kitu kingine. Ilikuwa raha. Akaona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo: muuzaji angeweza kupima pazia, kulikata, kulifunga, kisha akakaa mpaka mteja mwingine aingie, na hakuna kitambaa ambacho kingeoza kwa hilo. Alilia kwa hasira pale uani, mbele ya wanawake wenye nywele zilizosukwa nusu. Hakuukasirikia mguu tena. Alimkasirikia tajiri, na zile sifa ambazo alikuwa akizimeza kama peremende.

Tangu siku hiyo alikaa. Alikaa kwa bidii ileile aliyokuwa akisimama nayo. Zoezi aliloambiwa kidogo alilifanya kidogo, na lililomtaka angoje alilingoja, akitukana kwa ndani. Fremu ikaachwa, ikaja fimbo. Wateja wa kusuka walipofungua mlango aliwakaribisha akiwa palepale alipo. Mwisho akawa ananyanyuka kitini mikono imekunjwa kifuani, na Bi Polepole akapiga kigelegele, akasema sasa anaweza kwenda kumwonyesha anayetaka kumwonyesha.

Akaenda dukani siku chache kabla shule hazijafunguliwa. Alitembea na fimbo, na viti vikamfuata nyuma kwa mstari mmoja kando ya barabara. Madereva wakapunguza mwendo ili kile cha magurudumu kivuke. Dukani kila kiti kikachagua muuzaji wake na kusimama nyuma yake, karibu kabisa na magoti. Cha kinyozi kilikwama kidogo mlangoni, mteja mmoja akakisukuma kikaingia.

Tajiri alivizunguka, akavigonga kwa kifundo cha kidole asikie mbao.

"Viti vizuri," alisema. "Vibaki. Ila asikae mtu."

"Ndiyo, bosi," wauzaji wakajibu.

Kwenye kaunta ya mapazia alikuwepo msichana mgeni, kwa kuwa tajiri hakupenda kaunta tupu. Mlingoti akamsalimia vizuri, akakaa pembeni yake kwenye kiti cha mbao.

"Nimerudi kazini," alisema.

"Basi simama," tajiri akamwambia.

Mlingoti akaiegemeza fimbo ukutani, akakunja mikono kifuani, akanyanyuka taratibu mpaka akawa wima kabisa. Duka zima lilimwona. Akabaki hivyo kwa muda, kisha akakaa.

"Umeona kwamba naweza. Mteja akinihitaji nitasimama. Asiponihitaji, nakaa."

"Hapa muuzaji hakai."

"Muuzaji huyu anakaa."

"Basi wewe si muuzaji."

"Sawa. Ila nakaa."

Tajiri akawaita wapagazi wa marobota wamtoe na kiti chake. Wakainama, wakashika miguu ya kiti, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Kiti hakikunyanyuka. Walisema ni kizito, wakarudi kwenye marobota yao. Tajiri akaamuru watu wafagie kwa kumzunguka.

Mlingoti alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, kila asubuhi duka lilipofunguliwa. Hakulipwa. Kula alikula kwa mdogo wake, na mdogo wake alisema sufuria ya watu wawili haimshindi mtu. Wateja waliomzoea walimuuliza pazia lipi halipauki, naye aliwaambia, na msichana mgeni akapima. Wauzaji walisimama kama zamani. Viti navyo vilisimama nyuma yao, vikafutwa vumbi kila Jumamosi. Yule wa kaunta ya shuka, ambaye mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana, alimnong'oneza siku moja akipita na robota.

"Mama, nikisema nakaa, utanilaumu nikifukuzwa?"

"Sitakulaumu. Hata usipokaa sitakulaumu."

Akakitazama kiti kilichokuwa nyuma yake, akaenda kulipanga robota.

Shule zilipofunguliwa duka lilifurika watu wa vitambaa vya sare. Tajiri akapita katikati yao, akasimama mbele ya Mlingoti.

"Unangoja nini hapa kila siku?"

"Wakae."

"Utangoja sana."

"Nyonga hii ni ya chuma," Mlingoti alisema. "Yako je?"

Tajiri akarudi nyuma ya meza ya malipo, akakaa. Kwenye kaunta ya mapazia msichana mgeni alihamisha uzito wake kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, akaendelea kupima.