Mraba Wenye Msalaba

Ramani ilikuwa imekunjuliwa juu ya meza ya jikoni, pembe zake zimekandamizwa kwa vitu vilevile alivyovitumia marehemu Orbin: kikaango cha chuma, chupa ya siki, Biblia na kiganja cha mtu. Safari hii kiganja kilikuwa cha Delphia, dada wa marehemu. Verla alisimama kando ya jiko, kitambaa cha vyombo begani, akiitazama karatasi iliyomnyang'anya mumewe kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa ramani ya wapima ardhi waliopita kwenye milima hii ya Kentucky zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mistari ya kahawia ilizunguka vilima kama alama za vidole, na kila nyumba iliyokuwa imesimama siku walipopita ilichorewa mraba mdogo mweusi. Ramani mpya hazina miraba hiyo. Watu wamehama, mbao zimeoza, msitu umejirudishia chake. Ndiyo maana wenye mashine za kutafutia vyuma huzithamini hizi za zamani: palipo na mraba, chini ya majani makavu pana misumari, vifungo, vijiko, pengine na sarafu. Orbin hakujali sarafu. Alikuwa na mraba mmoja tu moyoni, wenye msalaba juu yake, ukingoni mwa Kijito cha Harlow. Lilikuwa kanisa, na kanisa lilikuwa na kengele.

Kengele hiyo ndiyo iliyowafukuza wazazi wake bondeni. Waumini waligawanyika juu ya kuoshana miguu, hawa wakitaka desturi iendelee, wale wakiona imepitwa na wakati. Hobart, baba yake Orbin, ndiye aliyeshika funguo za kanisa, na ndiye aliyewaongoza waliotaka kujitenga. Kengele ilipotoweka, vidole vyote vilimwelekea yeye. Ameiuza, walisema. Akahamia Ohio na mkewe na Orbin mwenye miaka mitatu, na jina la bonde halikutamkwa tena nyumbani mwake. Delphia alizaliwa hukohuko, akakua akijua tu kwamba kuna maswali ambayo baba yake huyajibu kwa kuondoka mezani.

"Hakuuza," Orbin alikuwa akisema, penseli sikioni. "Na kama hakuuza, basi imo ardhini."

Verla alimwekea sahani ya maharage na mkate wa mahindi pembeni mwa ramani. Alimzidi mumewe miaka sita, jambo lililowachekesha watu siku ya harusi, na alikuwa amekulia bondeni. Orbin alimuuliza mara moja, mwaka ule wa kwanza wa kuchimba: hakumbuki chochote kuhusu kanisa lile? Akamjibu, "Nilikuwa mdogo."

Kanisa lilihamishwa. Hilo ndilo ramani isingeweza kumwambia. Miaka michache baada ya wapimaji kuondoka yalikuja mafuriko, na wanaume wa bonde, kama walivyozoea kufanya na majengo ya mbao, walilinyanyua zimazima, wakalilaza juu ya magogo, wakalivuta kwa nyumbu hadi kilimani. Huko ndiko Verla alikojifunza kuimba. Na huko ndiko, asubuhi moja umande haujakauka, akiwa ameshika kamba ya nyumbu, alikomwona baba yake mwenyewe, mzee wa kanisa, akiishusha kengele shimoni kati ya mierezi miwili. Isiangukie mikononi mwa hao wanaojitenga, alisema; wakishaondoka tutaitoa. Akamwekesha bintiye mkono juu ya Biblia, aape kutosema. Lakini Hobart aliondoka amebeba lawama, na kuitoa kengele kungekuwa kujivua nguo mbele ya watu. Ikabaki. Mzee akafa na siri hiyo, na binti yake akaja kuolewa na mtoto wa Hobart, aliyerudi milimani ukubwani.

Miaka ya mwanzo Verla alijiambia kwamba anatunza kiapo. Baadaye alijua kwamba anajitunza mwenyewe. Kila Jumamosi iliyopita iliiongezea siri ile uzito, maana sasa angelazimika kuzieleza na Jumamosi zilizotangulia. Usiku na asubuhi alimwombea Orbin mgongo wake, magoti yake, moyo wake. Hakuwahi kumwombea apate.

"Wifi, nisomee hapa," Delphia alisema. "Miwani hii kazi yake kunipamba pua tu."

Verla aliinama. Kando ya kila alama ya penseli palikuwa na tarehe. Ya mwisho ilikuwa ya wiki ile moyo wa Orbin uliposimama, na chini yake, kwa mwandiko ulioegemea upande: *Labda si hapa. Nimuulize Verla tena.*

Aliisoma kwa sauti, kwa sababu hakupata upesi kitu kingine cha kusoma.

"Alikuuliza tena?"

"Hakuwahi."

Jumatatu Delphia angehamia kwa bintiye Ohio. Magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi. Alitaka kwenda kijitoni mara ya mwisho tu, akapaage. Verla alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya meza.

"Chukua mashine," alisema. "Lakini hatuendi kijitoni."

Walipanda polepole, wakipumzika kwenye kila jiwe. Delphia, beleshi begani, alimtania kwamba anatembea kama aliyeitwa mbele ya baraza la wazee. Verla hakucheka. Juu palibaki mawe ya msingi, mwerezi mmoja na kisiki cha mwenzake. Alionyesha kwa kidole.

Delphia aliwasha mashine, akaipitisha juu ya nyasi kama kaka yake alivyomfundisha. Mara ya pili ililia, sauti nene, ndefu, isiyokatika. Alirudia kutoka kushoto, akarudia kutoka kulia.

"Huu si msumari," alisema taratibu. Kisha akageuka. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mimi nilikuwa namshikia beleshi kule chini," Delphia akasema. "Mvua inatunyeshea. Na wewe unatufungia mkate kwenye kitambaa."

Verla alifungua mdomo aseme habari za Biblia na mkono wake mdogo juu yake. Akaufunga.

Delphia alizima mashine, akamnyooshea beleshi. "Chimba wewe."

Verla alipiga magoti. Alikata nyasi kwa duara, kama alivyomwona Orbin akifanya uani kwa miaka yote ile, akalinyanyua duara na udongo wake, akaliweka kando ili alirudishe baadaye. Orbin hakuacha shimo wazi hata moja maishani mwake. Aliponyoosha mgongo ili avute pumzi, aliviona.

Miti ilikuwa imepukutika, na kingo za kijito zilionekana wazi kutoka huku juu, ambako hakuthubutu kupanda tangu aolewe. Nyasi zilizorudishwa huota na kijani chake tofauti. Viraka vya Orbin vilikuwa mamia, duara kando ya duara, safu baada ya safu, vikianzia majini na kuja upande huu. Safu ya mwisho ilikuwa imeanza kupanda kilima.