Mistari Mia Sita na Ishirini na Tano

Kwa siku tatu Muhonja alikuwa akiunda programu ileile, akiiandika kwenye kadi ya kumbukumbu, akiichomeka kadi kwenye bodi, na asijue kama amefanikiwa au la. Bodi yenyewe ilikuwa kompyuta nzima iliyotosha kiganjani, iliyoendeshwa na mfumo wa Linux. Katika ofisi yao ndogo ya mtaani Baba Dogo, Nairobi, ghorofani juu ya karakana ya milango ya chuma, zilikuwepo kumi na nane za aina hiyo ndani ya katoni. Zilikuwa zinakwenda Vihiga, kwenye vituo kumi na vinane vya elimu ya watu wazima. Kila kituo kilikuwa na televisheni moja ya zamani, zile za mgongo mkubwa, na kikundi cha kanisa kilichovisimamia kiliomba jambo moja tu: masomo ya video yaonekane kwenye televisheni hizohizo.

Tatizo lilikuwa bootloader. Hiyo ni programu ndogo inayoamka kwanza bodi ikipata stima, kabla ya Linux yenyewe. Ndiyo inayoitafuta Linux kwenye kadi na kuiamsha. Ile iliyokuja na bodi ilijua kutoa picha kwa skrini za kisasa pekee. Tundu la pili, la ule waya wa njano uliotumiwa na deki za video, ililiacha limelala, na Linux nayo ikiamka ililikuta limelala. Ilibidi Muhonja achukue msimbo wa programu hiyo, abadilishe mipangilio, aiunde upya.

"Niaje, imeamka?" Whitney, mwenzake ofisini, alimuuliza Ijumaa jioni.

"Imeamka. Maandishi yake nayaona kwenye laptop, mstari kwa mstari. Inasema inatoa picha. Lakini hiyo picha nitaionea wapi? Hapa hatuna hata skrini moja ya waya wa njano."

"Si babako alikuwa fundi wa TV? Hawezi kosa moja kwa nyumba."

Muhonja alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Ndiyo, ilikuwepo moja. Ilikuwa juu ya kabati nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Shauri Moyo, inchi kumi na nne, imefunikwa kitambaa ambacho mama yake alikifuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Haikuwa imewashwa tangu mama huyo, Asenath, alipofariki miaka minne iliyopita.

Baba yake, Mzee Patrobas, alitengeneza televisheni katika soko la Gikomba kwa miaka thelathini na mbili. Kibanda chake kilikuwa kati ya maseremala na wauza mitumba ya mapazia, na vumbi la mbao liliingia hadi ndani ya mashine za watu. Mitambo ya zamani ya kurusha matangazo ilipozimwa nchini na watu wakahamia skrini bapa, wateja walipungua, kisha wakaisha. Alifunga. Lakini tangu zamani majirani walimletea kazi nyumbani jioni, wakaendelea hata baada ya kibanda kufungwa, naye alizifanya, Asenath akiwa upande wa pili. Maana fundi wa zamani alifanya kazi nyuma ya mashine, mahali asipoweza kuona picha. Lazima kiwepo kioo cha kujitazama mbele ya skrini, kimwonyeshe picha. Asenath ndiye aliyeshika kioo, na kwa vile hakuwa mtu wa kunyamaza, alitangaza pia: bado, bado, inapanda, subiri, sasa! Muhonja alikua akiisikia sauti hiyo jioni baada ya jioni, akifanya hesabu zake za shule kitandani.

Baada ya mazishi mzee aliziweka bisibisi zake kwenye mkebe wa biskuti, akausukuma chini ya kitanda.

Jumamosi asubuhi Muhonja alikwenda kwa miguu kupitia Gikomba, akipisha mikokoteni iliyojaa marobota. Palipokuwa na kibanda cha baba yake, kijana mmoja alikuwa akipanga viatu vya watoto. Alipita bila kusimama. Alimkuta mzee ameketi mlangoni kwake juani, miwani puani, anasoma gazeti la juzi.

"Umeamkaje, Baba?"

"Nimeamka. Mbona na mzigo, unahamia?"

Muhonja alimweleza shida yake na kumwomba ile televisheni ya juu ya kabati, kwa kirefu kuliko alivyokusudia. Mzee alisikiliza bila kuliweka gazeti chini.

"Hiyo haiwashwi," mzee alisema binti yake alipomaliza.

"Imeharibika?"

"Sijasema imeharibika. Nimesema haiwashwi."

Muhonja alijua sauti hiyo. Hakubishana. Aliingia ndani akaandaa chai, akamletea kikombe, akaketi kwenye kizingiti na kunywa yake. Walizungumza habari za paa la kanisa na za jirani aliyehamia Kayole. Alipomaliza alivaa mkoba wake. Mwisho wa waya ulikuwa umechomoza kwenye zipu, na mzee akauona.

"Hicho kidude chako kinatoa picha kwa waya ngapi?"

"Mmoja. Huu wa njano."

"Wa njano!" Gazeti lilishuka magotini. "Kwani bado zinauzwa?"

"Za kutafuta, Baba. Nimezunguka siku nzima mjini."

"Na sauti?"

"Mwekundu na mweupe, kama zamani."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Lete niione."

Aliigeuzageuza bodi kwenye mwanga kwa muda mrefu. Alitaka kuonyeshwa stima inapoingia, kadi inapokaa, kilipo kile ambacho yeye angekiita kichwa cha mashine. Alipoambiwa kwamba kichwa ni kile kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, aliguna.

"Na watu wa huko Vihiga watasoma nini?"

"Kusoma na kuandika. Hesabu. Mambo ya mifugo."

"Watu wazima?"

"Wengi ni kina mama. Wengine wana miaka kama yako."

Mzee alimrudishia bodi. Halafu alisimama kwa kushikilia fremu ya mlango, akaingia ndani. Muhonja alimsikia akiinama, kisha mkebe wa bati ukikwaruza sakafu.

Kitambaa alikiondoa mwenyewe. Alikikunja mara nne, akakiweka juu ya mto. Televisheni aliishusha mezani, akaifungua mgongo, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Muhonja alipotaka kuichomeka ukutani, mzee alimshika mkono.

"Miaka minne haijaonja stima, unataka kuimwagia yote mara moja? Utaiua." Alitoa waya wake wa zamani uliofungwa balbu katikati, ili stima ipitie kwenye balbu kwanza. "Balbu ikiwaka sana isipungue, kuna mahali pamekufa. Ikiwaka halafu ikafifia, mashine ni nzima."

Waliwasha. Balbu ilimeta kwa nguvu, nao wakaitazama wote wawili. Kisha ikafifia taratibu hadi ikabaki wekundu kidogo tu. Mzee aliondoa balbu, akaunganisha stima moja kwa moja, na ndani ya mashine ukaanza ule mlio mwembamba, mwembamba kiasi kwamba ni kama unausikia kwa meno.

"Inalia?" mzee aliuliza.

"Huisikii?"

"Siku hizi sisikii mlio huo. Masikio yamezeeka. Inalia?"

"Inalia, Baba."

"Basi ni nzima."

Muhonja aliketi nyuma ya meza, laptop magotini, waya wa pili ukiiunganisha na bodi ili asome maandishi yake. Kutoka hapo hakuweza kuiona skrini. Mzee alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Nawasha. Niambie unachoona."

"Giza," mzee alisema. "Giza bado. Ngoja. Kuna kitu. Inapanda! Picha inapanda juu, inaanza tena chini, inapanda. Na haina rangi. Nyeusi na nyeupe."

Muhonja aliinuka kuja kuchungulia. Ilikuwa kweli. Mistari ya maandishi ilikuwa ikipanda na kupotea juu, mmoja baada ya mwingine, haishikiki. Hata hivyo alicheka kwa furaha. Siku tatu alikuwa hajaona hata hicho. "Sasa kosa liko wapi? Nimekagua kila kitu."

Mzee alikuwa tayari ameshika kifundo kidogo upande wa mashine, akakizungusha kidogo kidogo. Picha ilipunguza mwendo, ikasita, ikasimama. Lakini ilibaki nyeusi na nyeupe.

"Hii si ya kwetu," alisema.

"Si ya kwetu kivipi?"

"Ni ya Wamarekani. Picha ya kwetu ina mistari mia sita na ishirini na tano, inabadilika mara hamsini kwa sekunde. Yao ni mia tano na ishirini na tano, mara sitini. Miaka ya tisini watu walikuwa wakirudi kutoka huko na deki zao, wananiletea wakilia kwamba TV zimeharibika. Inapanda, haina rangi. Nilikuwa najua kabla hata hawajafika kwenye meza. Hicho kidude chako kimeambiwa kiko Marekani."

Muhonja alirudi kwenye laptop, akafungua mipangilio. Mstari unaoagiza aina ya picha alikuwa ameunakili kutoka kwa mtu mmoja mtandaoni, na mwishoni mwake, wazi kabisa, zilikuwepo zile herufi nne za mfumo wa Marekani. Alikuwa ameusoma mara hamsini bila kuziona. Alifuta, akaandika herufi tatu za mfumo wa Kenya, akaanza kuunda upya. Maandishi yalianza kukimbia kwenye laptop.

"Itachukua muda?"

"Dakika chache."

Nyumba ilikuwa kimya isipokuwa mlio ule ambao mmoja wao hakuusikia. Mzee alikuwa akiutazama ukuta.

"Mamako alikuja kibandani na redio ya mwajiri wake," alisema ghafla. "Redio, si TV. Nikamwambia aketi angoje. Nilikuwa na TV ya mtu mezani, nikamwambia siwezi kuitengeneza bila mtu wa kunishikia kioo, na redio yake haitaguswa mpaka TV iishe. Akashika. Alishika saa nzima, mikono ikitetemeka, anatangaza kama mtangazaji wa mpira."

"Hiyo naijua, Baba. Alikuwa akitusimulia."

"Hakuwasimulia yote. Ukutani kulikuwa na msumari. Kioo changu kilikuwa kinaning'inia hapo kila siku. Nilikitoa nilipomwona anavuka barabara."

Muhonja alisahau laptop. "Mama alijua?"

"Msumari aliuona siku ileile. Aliniambia baada ya miaka ishirini, tukiwa hapa hapa, kwa mashine ya jirani. Akasema, Patrobas, wewe ni mwongo, na mimi mikono ilikuwa inaniuma." Alicheka. Alivua miwani akakaa nayo mkononi. Muhonja alimwacha. Alikumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akisema "sasa!" kwa sauti ya juu mpaka majirani wakagonga ukuta.

Laptop ilitulia. Aliiandika programu mpya kwenye kadi, akairudisha kadi kwenye bodi. "Baba, nawasha."

Mzee alivaa miwani. "Giza. Bado. Bado. Subiri." Muhonja alishusha kichwa, akakazia macho maandishi bila kuyasoma. "Subiri. Sasa! Imesimama! Muhonja, ina rangi, njoo!"

Alikwenda. Picha ya majaribio, vipande vya njano, samawati, kijani, zambarau, na maandishi chini yake, ilikuwa imetulia kama ukuta uliopakwa. Walisimama wakiitazama bega kwa bega kana kwamba kulikuwa na mchezo ndani yake.

"Lakini herufi za pembeni zimeliwa," mzee alisema baada ya muda. "Ona, hapo panaanzia katikati ya neno. TV hizi huficha kingo ndani ya fremu. Rudisha picha ndani kidogo, kila upande, la sivyo kina mama watasoma nusu ya maneno."

Muhonja hakuwa amelifikiria hilo. Mpangilio wake ulikuwepo, nambari mbili tu. Walizijaribu mara nne, mzee akipima kwa rula ya mbao, mpaka herufi ya kwanza ikaonekana yote na pambizo la upana wa kidole likabaki. Kufikia saa nane walikuwa wamemaliza. Walikula ugali na mboga za majani, televisheni ikiwa wazi mezani, vipande vya rangi vikiwaka bila sababu yoyote. Muhonja alipotaka kuizima, mzee alisema iache kwanza.

Wiki mbili baadaye bodi zilisafiri. Muhonja alikuwa amepanga kwenda na Whitney kwa siku nne. Mzee Patrobas alisema kwamba katika televisheni kumi na nane za zamani, saba hazitawaka, na alitaka kujua hao wasichana wawili wangefanya nini. Alikwenda yeye badala yao, na mkebe wake. Zisizowaka zilikuwa tisa. Siku nne ziligeuka wiki tatu. Alilala kwa katekista, akapanda pikipiki kutoka kituo hadi kituo, na kila Jumapili alimpigia Muhonja simu kumweleza mashine moja moja, ugonjwa wake na dawa yake, mpaka salio likaisha. Nane alizifufua. Ya tisa ilikuwa imefanywa kiota na panya, akaisamehe.

Aliporudi Nairobi alileta ndizi mkungu mzima, na Jumamosi iliyofuata alifika Baba Dogo bila kusema. Alipanda ngazi polepole, akaisalimu ofisi, akavuta kiti hadi kwenye laptop ya binti yake.

"Nataka kuiunda hiyo programu mwenyewe," alisema. "Tangu mwanzo. Nisije nikaambiwa na mtu kule Vihiga kwamba sijui kilichomo."

Muhonja alimfungulia dirisha jeusi la kuandikia amri. Mzee aliandika kwa kidole kimoja, akinong'ona kila herufi, kisha akabonyeza kitufe kwa nguvu kama anapiga msumari. Laptop ilitoa mistari mitatu ikanyamaza.

"Imekataa," alisema.

"Soma kosa, Baba. Limeandikwa hapo."

Alisogea karibu, pua ikakaribia kugusa skrini, akaanza kusoma.