Dende Aliyenukia Manukato

Nisianze kwa kujisafisha. Mafuta yale niliyapaka mimi mwenyewe miaka miwili, nikayasifu mbele ya kila kichwa nilichosuka, na wanyama walioteswa kwa ajili yake walitoka jikoni kwangu. Nikitema mate katikati ya habari hii, ujue mengine yananiangukia mwenyewe.

Ninaitwa Blandine, lakini mtaa mzima wa Mulongwe unaniita Mama Annie, kwa jina la binti yangu. Nina saluni ya mbao pembeni ya barabara, viti vitatu na kioo kimoja chenye ufa. Nyumbani ninafuga dende, kama wanawake wengi wa huku: vinyama vinene visivyo na mkia, vidogo kuliko sungura, vinavyokimbia chini ya meza ya jikoni vikila maganda na majani, na vinavyoishia chunguni. Dende hapewi jina. Unamkamata, unamchinja, watoto wanapata mchuzi, na kesho wamezaliwa wengine. Sikuwahi kumlilia dende hata mmoja.

Herménégilde alikuja saluni akiwa na kopo lisilo na karatasi. Zamani aliuza dawa za mifugo, akipanda hadi Rurambo kuwadunga ng'ombe sindano, na ndiyo maana watu walimwita Dokta. Sasa alikuwa anachanganya mafuta ya kung'arisha ngozi. Mafuta ya namna hiyo yalikuwa yameshaaibisha watu hapa Uvira. Claire, mteja wangu wa siku nyingi, alinunua kopo moja barabarani akabanduka mashavu, akatembea amefunika uso kwa kikwembe mwezi mzima. Kwa hiyo wanawake hawakuuliza tena harufu wala bei. Waliuliza nani ameyajaribu kwanza.

Dokta alikuwa na jibu. Kila siku ya soko alikuja na dende ndani ya kikapu, mgongoni amenyolewa kipande cha ukubwa wa kiberiti, na hapo ngozi ilikuwa nyororo na safi. "Huyu amepakwa juma mbili," alisema. "Mushike tu." Wanawake walishika. Hata wale walioapa kwamba hawatagusa tena mafuta ya kujichubua walimpapasa yule dende, kisha wakafungua pochi.

Mimi nikaona biashara. Nampa dende mmoja, ananipa kopo moja, bila kuulizana maswali. Juma moja walikuwa wakienda watatu, juma jingine wanne, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini sokoni anakuja na mmoja tu. "Yamepimwa kwa mnyama," niliwaambia wateja huku nikiwachana nywele, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Annie alikulia ndani ya maneno hayo. Alipochumbiwa na Thierry, mwalimu wa shule kule Lemera, akaanza kujipaka asubuhi na jioni, ili siku ya kwenda komine, ofisi ya serikali, kuandikishwa ndoa asimame mweupe kama wale mabibi harusi wa kwenye simu. Kopo lake la kwanza nilimfungulia mimi.

Siku ya Mungu moja, baada ya misa, nilikaa kwa Vainqueur, mwenye nganda, baa ya bia na nyama, karibu na ziwa, nikaagiza brosheti, mishikaki ya dende. Kwenye kipande cha pili nikasikia manukato. Haikuwa pilipili wala ndimu. Ilikuwa ile harufu tamu, nzito, ya mafuta ya kujipaka. Nikamwita Vainqueur, nikamwambia anayemwoshea sahani aache kutumia sabuni ya kuogea. Akaomba radhi. Nami nikamaliza sahani, nikalamba na vidole. Hilo sitalificha.

Jumanne iliyofuata zilibaki siku nne kabla ya ndoa ya Annie. Dokta hakuja kuchukua dende wake, nikawatia wawili kwenye kapu nikampelekea nyumbani. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Niliingia kama mtu wa nyumbani, maana ndivyo nilivyojiona.

Harufu ilinipokea kwanza: manukato juu ya usaha. Kama umewahi kuingia chumba cha mgonjwa ambaye ndugu zake wamempulizia marashi badala ya kumwosha, unaijua. Kando ya ukuta yalipangwa makreti ya bia, na ndani yake dende, kila mmoja amevishwa shingoni kola ya katoni ili asiweze kujilamba. Migongo yao sitaki kuielezea, lakini nitaielezea. Mmoja ngozi ilikuwa imejivua kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mwingine alikuwa na kidonda cheusi kinachotoa maji ya njano, na nzi walitembea juu yake bila haraka, kwa kuwa hakuna aliyewafukuza. Hawakuwa wakilia. Nilisikia meno yao tu, yakisagana.

Dokta alikaa kwenye kibao. Katikati ya magoti yake alikuwa amembana dende mweupe mwenye sikio moja la kahawia, na huyo nilimjua, alizaliwa nyuma ya mafiga yangu. Alikuwa amemfunua kope kwa kidole gumba, na kwa mpini wa kijiko alikuwa akimtia mafuta ndani ya jicho. Jicho la pili lilikuwa limeshageuka rangi ya maziwa.

"Karibu, Mama Annie," alisema bila kusimama. "Bateja banasema wakitoka jasho, mafuta inaingia mu macho, inaunguza. Niko naangalia kama iko kweli."

"Na iko kweli?"

"Iko kweli." Akafuta mpini wa kijiko kwenye suruali yake.

Nilionyesha makreti. Nikamuuliza wale wamepakwa mafuta gani.

"Yale yale yenye unapakaa," alisema, na wala hakuona haya. "Mu dende sita, bawili banatoka bazuri. Bale bazuri ndio ninapelekaka ku soko."

"Na bale bengine?"

"Vainqueur anabakamataka. Haiko muntu wa kutupa nyama."

Nilitapika pale pale, karibu na viatu vyake, na hata matapishi yangu nikayasikia manukato, au labda pua yangu ilikuwa imeshaharibika. Miaka miwili nilikuwa nikiwaambia watu yamepimwa. Ni kweli yalipimwa. Yalianguka mtihani mara nne katika sita, na yule mtu alikuwa akituletea wale wawili tuwashike mgongo tufurahi.

Dokta alinipa maji kwenye kikombe. Sikuyagusa.

"Weye unalia juu ya dende?" aliniuliza kwa mshangao wa kweli. "Kwako unabachinja kila siku ya Mungu."

"Kuchinja ni kisu kimoja, inaisha. Hii ni nini?"

"Basi niache kupima? Nijaribu mu bantu?"

"Usitengeneze."

Alicheka kidogo, bila ubaya. "Ambia Annie," akasema.

Nilimnyang'anya yule mweupe, nikamfunga kwenye kikwembe changu na kuondoka na kapu langu. Njia nzima nilimsikia akinukia kwenye tumbo langu, mimi ambaye asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimejipaka hadi viganjani.

Nilimkuta Annie mbele ya kioo. Nilichukua kopo lake nikalitupa chooni, naye akatoa la pili chini ya mto. Nikamsimulia kila kitu: macho, usaha, kola za katoni, wawili kati ya sita. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima, huku akijipaka shingo.

"Mama, minye niko kati ya bale bawili," alisema. "Angalia. Haiko kidonda."

"Na kesho kikitoka?"

"Jumamosi bantu ba kwa Thierry banakuja. Unataka banikute nusu mweupe, nusu mweusi? Weye mwenyewe ulisema ilipimwa." Akanigeukia. "Ilipimwa, ao haikupimwa?"

Niliingia kuoga, nikajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka viwiko vikawaka, na tangu saa ile sikuyagusa tena mafuta yale. Lakini binti yangu alikuwa nayo bado mwilini.

Kesho yake nikajaribu saluni. Niliwaeleza wanawake waliokuwa viti vyote vitatu. Walishika midomo. Claire alisimama na nywele nusu zimesukwa, akaenda kutema mlangoni.

"Bale dende ba Vainqueur?" aliuliza. "Bale tulikulaka?"

"Bale bale."

Kabla ya saa sita nganda ya Vainqueur ilikuwa tupu. Jioni alitundika ubao kwamba kwake sasa ni mbuzi tu. Nilifurahi, nikadhani neno limeingia. Kumbe Claire alikuwa bado anafikiri.

"Mama Annie," alisema niliporudi kwenye kichwa chake, "mu kila chungu anajaribu mu dende sita?"

"Sita."

"Basi ule muntu iko sérieux, anatumikaka muzuri. Mwenye aliniunguza minye hakujaribu hata mu panya."

Wenzake waliitikia. Mmoja akauliza kama bado nina makopo ya kuuza. Niliwachukia, na vidole vyangu vilikuwa ndani ya nywele zao. Walichokikataa ni mchuzi tu. Mafuta ya usoni hayakuwachefua hata kidogo, na mimi sikuwa na haki ya kushangaa, maana ulimi uliowafundisha ulikuwa wangu.

Kuna jambo moja lilikuwa limenipa moyo, nikalishika kwa mikono miwili. Jumanne ile, nilipomweka yule dende mweupe jikoni, kabla sijaenda kuoga, wenzake wote walimkimbia wakajibana kwenye kona ya mbali. Alikaa peke yake, kipofu, ananukia kama mke wa mkubwa fulani. Nilichuchumaa nikamnyooshea mkono mtupu. Aliinua pua, akaja moja kwa moja, akaweka uso wake kwenye kiganja changu na kutulia. Nikalia. Nilidhani amekumbuka mkono uliomlisha. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba ameniachilia kosa langu.

"Blandine, unalia juu ya mboga?" aliuliza Yaya Agathe. Ni dada yangu mkubwa, anakaa nasi, na maisha yake yote hajajipaka kitu kingine ila mafuta meusi ya kokwa za michikichi anayoyakamua mwenyewe. Kwa siku mbili nilitembea na ule msamaha moyoni, kitu pekee ambacho sikuona kinyaa kukifikiria.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya komine, Annie aliingia jikoni kuchukua maji ya moto. Alikuwa ametoka kujipaka, miguu yake inang'aa. Yaya Agathe alikaa mlangoni akichambua majani ya lenga-lenga, mboga ya jioni, na mimi nilikuwa nimeshika majani machache, ninamwita yule mweupe kwa mdomo ili atoke chini ya meza.

Alitoka. Alipita mkono wa Yaya uliojaa majani. Akapita wangu, hata hakugeuza pua. Alijigonga kwenye mguu wa kigoda, akarudi nyuma, akaendelea mpaka kwa Annie, akapanda juu ya mguu wake na kusukuma uso wake mgonjwa kwenye kifundo. Akaanza kutoa ile sauti ndogo ambayo vitoto vya dende humtolea mama yao.

"Mama, iko anataka nini?" Annie aliuliza.

Nilinyoosha tena mkono wangu, uliooshwa kwa sabuni ya kufulia siku tatu, nikaugusisha kabisa kwenye masharubu yake. Alinikwepa. Hapo nikaelewa, na aibu ilinishika hata masikioni. Hakuwa amenikumbuka. Hakuwa amemsamehe mtu yeyote. Jumanne ile kiganja changu kilikuwa na mafuta, basi. Wenzake wa kwenye makreti walinukia hivyo, na giza lake lilinukia hivyo. Sisi tuliojipaka ndio tuliokuwa ndugu zake waliobaki.

"Anadhani weye ni dende mwenzake," nilimwambia Annie. "Ni ile harufu."

Annie aliinama akamwokota, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Akamnusa. Kisha akanusa mkono wake mwenyewe. Akamnusa tena dende, akarudi mkononi, taratibu, na nilikuwa nikimtazama usoni wakati ule. Maji ya njano yalitoka kwenye lile jicho, yakatiririka juu ya kifundo cha mkono wake, yakachanganyika na mafuta, yote yanang'aa sawa.

Alimweka chini polepole. Mkono ule aliushika mbali na mwili wake.

"Mama," akasema, "nipe sabuni ya kufulia."

Alijifungia bafuni na ndoo ya kwanza, halafu ya pili. Yaya Agathe alimpelekea ya tatu. Alipotoka, ngozi ilikuwa nyekundu, madoa yameanza kuonekana kwenye mashavu, na kesho yake ilikuwa komine. Alisimama mbele yangu, akainua kidevu akaniuliza kama bado ananukia yale mafuta.

Nikainama shingoni kwake nikanusa. Nikamwambia ndiyo, bado, nikateleka maji mengine.