Divai ya Mwaka wa Moto

Alhamisi mnunuzi angekuja kuonja. Akiipenda divai, Fulcran Azéma angeendelea kulima mizabibu aliyoachiwa na babake. Asipoipenda, mapipa yote kumi na moja yangekwenda kuchemshwa yawe spiriti, na mizabibu ingeng'olewa. Mwezi wa Agosti moto ulipita vilimani siku tatu. Haukugusa hata jani shambani kwake, ila moshi ulizilalia zabibu kama blanketi, na moshi huweza kujificha ndani ya divai.

Yeye mwenyewe alikuwa akionja tangu Oktoba, na kasoro hakuiona. Waliomsumbua ni majirani. Kijijini kwao mtu akipenda divai haisifu. Anasogeza glasi mbele amiminiwe tena, kimya. Lakini msimu wote ule wa baridi walimwambia, "Nzuri, Fulcran, nzuri kabisa," na glasi zikabaki mezani. Mkewe, Odile, naye alisema ni nzuri, kisha akaenda kuosha vyombo.

Ndipo akamshusha ghalani mpwa wake Solène, aliyekuja kutoka Lille kuwasalimu. Solène alikuwa mfamasia, mnywaji wa bia, asiyejua divai kabisa. Fulcran alitaka mdomo wa namna hiyo, usioona haya.

"Mjomba, utanipotezea bure. Kwangu mimi kuna nyekundu na nyeupe, basi."

"Na ya rangi ya waridi je? Umeshakosa swali la kwanza."

Akachota kwa mrija wa kioo kutoka pipa la kwanza.

"Usinywe. Inamisha glasi juu ya karatasi hii. Unaona nini?"

"Nyekundu. Pembeni zambarau."

"Zambarau ni uchanga. Ikizeeka hugeuka rangi ya tofali. Sasa izungushe, utie pua. Usinitajie maua ya vitabuni, taja kitu cha kwenu."

Solène akanusa, akafumba macho. "Jamu nyeusi ya bibi. Na pilipili manga."

Moyo wa Fulcran ukaruka. Ndivyo alivyonusa yeye.

"Haya, kidogo mdomoni, uvute hewa juu yake."

Akavuta, akapaliwa, divai ikamchuruzika kidevuni.

"Mtoto wa dada yangu, hata ng'ombe hunywa kwa heshima kuliko wewe."

"Ng'ombe nani kamwambia apige mluzi akinywa?"

Mara ya pili akaweza. Fulcran akamweleza: ulimi ukikauka kama umekunywa chai kali, hilo ni ganda la zabibu; mate yakijaa, ni uchachu, nao ndio uhai wa divai.

"Mjomba, naipenda hii! Kweli tena."

"Sasa onja tena, uteme ndooni, halafu hesabu ishirini, polepole. Divai hujulikana inapoondoka."

Alihesabu kwa vidole. Kwenye saba alikuwa bado anatabasamu. Kwenye kumi na mbili ulimi wake ukaanza kutafuta kitu nyuma ya meno.

"Nini?"

"Hamna."

"Solène. Wewe mgonjwa humwambii dawa chungu ni asali."

Akatazama ndoo. "Kama nimelamba jiko. Majivu baridi. Hayakuwepo, halafu yakaja."

Fulcran akaonja, akatema, akahesabu mpaka arobaini. Ladha ya matunda tu. Wakaenda pipa la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano Solène hakungoja hata kumi, akaomba mkate.

"Labda ni mdomo wangu, mjomba. Mimi sijui kitu."

"Si mdomo wako," alisema Odile. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono ndani ya aproni. "Ni wa kwako, Fulcran. Hausikii moshi. Sisi wengine wote tunausikia."

"Tangu lini?"

"Novemba."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unaimba ukiosha mapipa," alisema Odile. "Ningeanzia wapi?"

Solène akaweka glasi yake juu ya pipa, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Fulcran akarudi kwenye pipa la kwanza, akachota, akanywa bila kutema. Jamu nyeusi, pilipili manga, ladha ndefu na safi isiyotaka kuondoka. Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kutengeneza divai bora kuliko hii. Glasi ilipokwisha akaisogeza mbele, kimya, na kwa kuwa hakuna aliyemmiminia, akajimiminia mwenyewe.