Kibanda cha Nyanya chenye Mlango

Masika ya mwaka 1975, Yeremia alikuwa na nyanya zenye maua wakati za wenzake wote pale Kisanga zimeozeshwa na mvua. Alikunja mianzi kama pinde, akachomeka ncha zote mbili ardhini, kisha akafunika kwa mifuko ya mbolea aliyoipasua na kuishona kwa uzi wa katani. Kilitoka kibanda kirefu ambacho mtu huingia kwa kuinama, na hakikumgharimu ila jasho.

Alikihitaji hasa. Operesheni ya serikali ya kukusanya watu vijijini iliwahamisha yeye na mkewe Natalia kabla ya mavuno, wakapangwa kwenye mstari wa nyumba mpya za kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kutoka shamba lao la zamani, ambako ndiko alikojenga kibanda. Ghalani hamkuwa na kitu. Kule sokoni Kimamba debe la nyanya za masika lilibadilishwa kwa madebe mawili ya mahindi, na mahindi hayo ndiyo yangewavusha.

Kosa lake lilikuwa mlango. Ngedere walimsumbua, Natalia akamshauri aweke tawi la miiba kama watu wengine. Lakini Yeremia alikuwa seremala, na seremala akiona ubao mikono humwasha. Akatia mlango wa bawaba na komeo, mzuri kuliko wa nyumba yake mwenyewe.

Mgambo wakapita mashamba ya zamani kuhesabu nyumba zilizobaki zimesimama. Kesho yake akaja Thadeo, balozi wao wa nyumba kumi, aliyemsaidia kukunja ile mianzi. Akamwambia ameandikwa mkaidi mwenye nyumba mbili.

“Bwana Thadeo, wewe unajua zile ni nyanya.”

“Najua, na nimewaambia. Wanasema kina paa na kina mlango, basi ni nyumba. Usipobomoa mwenyewe leo, watachoma, na wewe watakupeleka mahabusu Kilosa.”

Wakaenda kwa katibu wa kijiji. Katibu akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba huenda kweli ni nyanya. Ila orodha ilikwisha kwenda wilayani, na nyumba ikishaandikwa haifutwi mpaka ibomolewe. Upole ule ulimvunja Yeremia nguvu. Mtu akikufokea, walau una la kumjibu.

Akarudi shambani, akazikata nyuzi za kibanda kwa panga lake, Thadeo akishika upande wa pili. Mvua ikanyesha alasiri hiyohiyo. Baada ya wiki moja mashina yalikuwa meusi.

Kwenye mkutano wa kijiji katibu akamsimamisha Yeremia mbele ya watu, akamtaja kuwa mfano wa mwananchi aliyebomoa ya kale kwa hiari yake. Watu wakapiga makofi. Natalia alikuwa hajala tangu jana. Aliona wanamtazama, naye akapiga.