Nywele za Mama Akeyo

Kwenye karatasi ya mwanaanthropolojia mwanamume ni pembetatu na mwanamke ni duara. Ndoa ni mistari miwili, watoto wananing'inia chini yake, na mtu akifa unampiga mstari wa mshazari, umemaliza naye. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa mwaka 1973, na nililishika haraka kuliko wenzangu wote. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu uhodari huo ndio uliotuletea balaa.

Chuo chetu hakikuwa chuo kikuu. Kilikuwa majengo matatu ya mabati hapo Kampala, ambako watoto wa makarani na wa mapolisi tulisoma miaka miwili, kisha wachache waliofaulu vizuri wakahamishiwa chuo kikuu kule mlimani. Katika anthropolojia nafasi ilikuwa moja tu, nasi tulikuwa kumi na mmoja. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Baba yangu, karani wa reli aliyetoka Busia upande wa Kenya, alikuwa ameshawatangazia watu wa Kibuli kwamba Nabwire wake atavaa joho.

Mwalimu wetu, Cleopas, alisema ripoti ya utafiti ndiyo itakayoamua. Kila mtu achague nyumba moja, achore ukoo wake, aeleze desturi moja ya nyumba hiyo. "Andikeni mlichokiona kwa macho," alisisitiza. "Na msipoelewa, ulizeni." Nusu ya kwanza niliitii.

Nyumba niliyoichagua ilikuwa ya Mama Akeyo, kule Kyebando. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, rafiki wa marehemu mama yangu, na kila asubuhi alishuka hadi Ggaba, ziwani, kununua samaki wa kukausha. Mumewe, Otim, polisi wa Kiacholi, alikufa kwa homa zamani, kabla jeshi halijaichukua nchi. Alimwachia mtoto mmoja, Ochan, aliyeingia jeshini na kupangiwa kambi ya Jinja. Mwaka 1972 barua za Ochan zilikatika. Baadaye mwenzake mmoja alipita upesi kwa mlango wa nyuma, akamwambia mama asingoje tena. Hakusema zaidi, wala hakuketi.

Maiti haikupatikana. Kwa hiyo Mama Akeyo alifanya kama watu wa kwao wafanyavyo mtu anapofia kusikojulikana: alitafuta tunda la mwegea, lile refu zito ambalo wenyewe huliita yago, akalifunga kwa shuka ya Ochan na kulizika nyuma ya nyumba. Tulikuwa watu sita. Hakuna aliyethubutu kulia kwa sauti. Mimi nilikuwa na daftari kwenye mkoba, nikawa nahesabu hatua za kutoka mlangoni hadi kaburini ili nije kuziandika. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyofuata nilikaa naye jikoni tukachora ukoo. Alimtaja Otim, nikampiga mstari. Akawataja ndugu wawili wa Otim, Alal na Faustino, wote askari. "Hawa walichukuliwa na watu ya serikali, hawakurudi," alisema. "Piga mustari." Nikapiga. Tukafika kwa Ochan, kalamu yangu ikasita.

"Huyu je, Mama?"

"Nyathina, si mimi nilizika yeye? Wewe ulikuwa pale. Piga."

Nyathina ni mwanangu kwa lugha yake, na ndivyo alivyoniita tangu mama yangu afe. Nikapiga mstari.

Ningeishia hapo ningekuwa na ripoti nzuri ya kawaida. Lakini wanawake wa Kijaluo wa kwenye nyumba za reli walikuwa wameniambia kwamba baada ya mazishi mama wa marehemu hunyolewa kichwa, na asiponyolewa msiba haujaingia nyumbani. Basi siku moja Mama Akeyo aliinama kupuliza moto, kitambaa kikamteleza, nikaona nywele zake. Zilikuwa nyingi, nyeusi, hazijaguswa na wembe. Alikivuta kitambaa upesi na kuendelea na moto wake.

Ningemuuliza. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na hakuwahi kuninyima jibu. Lakini anayeuliza hupewa jibu na mwenyewe, na mimi nilitaka kugundua. Nilirudi Kibuli kwa furaha, nikachukua raba na kuufuta mstari wa Ochan. Chini yake nikaandika kwamba mama asiyenyolewa hajafiwa. Kwamba tunda lilizikwa kuwafumba macho majirani. Kwamba mwana yu hai, yamkini amekimbilia nje ya nchi. Majina niliyaficha, eti. Nilimwita "Mama A., muuza samaki wa Kyebando, mwenye mwana askari wa Jinja." Kyebando nzima ilikuwa na mama mmoja tu wa namna hiyo.

Niliipiga taipu, na Mwalimu Cleopas akaisoma mbele yangu. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Hii ni kazi ya chuo kikuu," alisema. Ilikuwa desturi ya chuo kubandika ripoti bora ukutani, kwenye ujia, kila mtu aisome. "Lakini huu ukurasa wa mwisho, Nabwire. Tuuondoe?"

"Huo ndio hoja yenyewe, Mwalimu."

Alivaa miwani yake tena. Nadhani aliogopa, kisha akaona haya kuogopa mbele ya mwanafunzi wake. Akaibandika yote. Ilikaa ukutani siku nne, nami nilipita ujia ule mara nyingi kuliko ilivyonibidi.

Siku ya tano alikuja Zulaika, jirani wa Mama Akeyo. Alitembea kwa miguu kutoka Kyebando hadi Kibuli, akasimama uani kwetu na viatu mkononi.

"Banange, Nabwire, wamechukua mama yako! Watu wa serikali, wa miwani nyeusi, mchana, watu yote naona. Wanauliza neno moja tu: mutoto wako iko wapi? Iko Tanzania na wale waasi? Yeye nasema amekufa, kaburi ile pale. Wakachimba."

"Wakachimba?"

"Wakatoa ile tunda, wakacheka mpaka wakaketi chini. Halafu wakatia yeye kwa buti ya gari." Akashusha sauti. "Moja alikuwa na karatasi mkononi. Imepigwa na taipu."

Nilikimbia chuoni. Ukutani zilibaki pini nne. Mwalimu Cleopas alikuwa amefunga mlango wa ofisi yake kwa ndani, akaniambia kupitia mlangoni nirudi nyumbani, nisimjue yeye wala nisimjue huyo mama. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyeukataa mlango alioniachia aliposema tuuondoe ukurasa ule.

Siku ya nane barua ya chuo kikuu ikafika. Nafasi nimeipata. Baba alichinja jogoo akawaita majirani, na mimi nikakaa katikati yao nikipokea pongezi. Mtu angetegemea niseme kwamba niliichana. Sikuichana. Niliikunja nikaiweka kwenye kurasa za Biblia, na Septemba nilipanda mlima ule kama wenzangu.

Mama Akeyo walimwachia siku ya kumi na mbili. Wengi hawakurudi, kwa nini yeye alirudi, sijui hadi leo. Nilimkuta ameketi mkekani, mgongo ukutani. Kitambaa hakuwa nacho. Nywele zilikuwa zimejaa vumbi na kugandamana upande mmoja, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Nilipiga magoti mlangoni, sikuthubutu kuingia.

"Ingia," alisema. "Ile karatasi walisomea mimi. Mara tatu. Najua ni wewe, maneno ilikuwa mizuri."

Nililia. Aliniacha nilie, hakuninyamazisha.

"Walitaka mimi niseme Ochan iko wapi. Mimi nitasema nini? Amekufa. Natamani hata kusema uongo, lakini sijui uongo ya kusema. Kwa nini hukuuliza mimi, nyathina?"

"Nywele, Mama," nilisema. "Niliona hujanyolewa."

Alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amechoka, hata hasira hakuwa nayo.

"Kwa nyumba ya bwana yangu, wembe inashikwa na ndugu ya bwana. Yeye ndiyo anaanza, hapana mutu mwingine. Alal wamechukua. Faustino wamechukua. Ni nani angenyoa mimi? Wewe mwenyewe ulichora wao. Mustari, mustari. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Zilikuwa kwenye karatasi yangu, pembetatu mbili zilizokatwa, mkono wangu ndio uliozikata, na nilizitazama wiki tatu bila kujiuliza zina maana gani kwa mwanamke aliyebaki peke yake kando yao.

Alinionyesha kwa kidevu kikapu cha kona. Ndani mlikuwa na wembe mpya, haujafunguliwa kwenye karatasi yake. Alikuwa ameununua tangu siku ya mazishi.

"Mimi si ndugu wa Otim, Mama. Desturi haikubali."

"Desturi imekwisha kufa na wenyewe. Mkono yangu haishiki. Unataka mimi nikae hivi mpaka lini?"

Nilileta maji na sabuni. Nilimnyoa kuanzia paji la uso kama alivyonielekeza, na mahali penye jeraha aliniambia nipite polepole. Nywele ziliangukia mapajani mwake. Hapo ndipo alipomlia mwanawe, kwa sauti kubwa, mchana, na Zulaika akaja akasimama mlangoni akamwacha alie.

Tulipomaliza alijipangusa kichwa kwa kiganja cha kushoto, akaniambia nitoe daftari. Nililifungua kwenye ukurasa wa ukoo. Alama ya raba ilikuwa bado inaonekana juu ya pembetatu ya Ochan. Mama Akeyo aliinama kutazama vizuri, akangoja, nami nikaupiga ule mstari.